Mbwa wa Zizini Ana Mwenyewe

  Kama umepumzika na jamaa yako baada ya kazi ya mchana, waite na watoto wasogee karibu, kwa maana mazungumzo ya leo yanawahusu wao kama yanavyokuhusu wewe.

Leo nataka tuzungumze juu ya mfanyakazi mmoja aliyemo katika kaya nyingi za wafugaji. Mfanyakazi huyu hana mshahara, hana siku ya mapumziko, na mara nyingi hata chakula chake hakina saa maalum. Huyo ni mbwa anayelinda mbuzi, kondoo na ng'ombe wako.

Ninapopita vijijini nasikia malalamiko ya namna mbili. Mmoja huniambia, "Bwana Mifugo, mbwa wangu ni mvivu. Fisi wanakula mbuzi, naye amelala." Mwingine huniambia, "Bwana Mifugo, mbwa wa jirani yangu ni mkali mno. Tazama alivyomfanya mtoto wangu mguuni." Nikichunguza vizuri naona kwamba malalamiko haya mawili yana mzizi mmoja. Mbwa amepewa kazi, lakini hana mwenyewe. Yupo tu. Hakuna aliyemfundisha, hakuna anayemlisha kwa wakati, hakuna anayejua lini alichanjwa. Akifanya vizuri tunasema ni mbwa wetu. Akifanya vibaya tunasema ni mbwa tu.

Nianze na kosa la nyumbani kwetu wenyewe. Mimi nilizaliwa katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Singida, nchi ya mtama, alizeti na mbuzi, na ya fisi pia. Nilipokuwa na umri wa miaka 11 baba aliletewa mtoto wa mbwa, dume, mwekundu, mwenye miguu minene. Sisi watoto tulimpenda sana. Tulimlaza jikoni kando ya mafiga, tukamlisha kwa mikono yetu, na jioni tulimchochea akimbize vitoto vya mbuzi ili tupate kucheka. Mwaka ukapita, mbwa akawa mkubwa. Baba akasema, "Basi, sasa aende kazini." Akamfunga kamba kwenye nguzo ya zizi, naye akaenda kulala.

Usiku wa tatu fisi walikuja. Mbwa aliikata kamba, akakimbilia mahali alipopajua kuwa ndipo kwao, yaani mlango wa jikoni, akabweka hapo kwa nguvu. Baba alidhani anataka kuingia ndani kwa sababu ya baridi. Alifungua dirisha akamtupia kipande cha kuni, na mbwa akanyamaza. Asubuhi tulikuta mbuzi wanne wamekufa, na mmoja wao alikuwa na mimba. Hao ndio waliokuwa wauzwe ili ninunuliwe sare na madaftari.

Baba alimfukuza yule mbwa. Baada ya wiki chache tulisikia kwamba ameuawa katika kijiji cha pili, kwa kuwa alikuwa akizurura bila mwenyewe. Mimi nililia, lakini bibi yangu hakulia. Alimwambia baba, "Mmelea mbwa wa jikoni, kisha mkamdai kazi ya zizini. Mwenye kosa ni nani?" Baba hakujibu.

Ndugu msikilizaji, neno hilo la bibi ndilo somo langu la leo. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na mbwa ni hivyo hivyo.

Basi, tuanze na kuchagua. Wengine hufikiri kwamba mbwa wa kulinda mifugo ni lazima atoke Ulaya na awe mkubwa kama ndama. Sivyo. Ni kweli kwamba kule Namibia, tangu mwaka 1994, wafugaji wamekuwa wakipewa mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki ili walinde mbuzi na kondoo dhidi ya duma na bweha. Mbwa hao wamefanya kazi nzuri, na wafugaji wamepunguza kuua duma. Lakini jirani zao wa Botswana wanatumia mbwa wao wa kienyeji, na wameona kwamba mbwa hao wanaifanya kazi hiyo vizuri vile vile, tena kwa gharama ndogo. Mbwa wa kienyeji amezoea jua letu, kupe wetu na chakula chetu. Tafuta mtoto wa mbwa ambaye mama yake anakaa na mifugo, si mama wa kuzurura sokoni. Mchukue akiwa na umri wa wiki 8 hivi. Kabla ya hapo bado anamhitaji mama yake.

Siku ile ile unayomleta, mpeleke zizini. Usimpitishe jikoni. Kati ya wiki ya 8 na ya 16 ndipo anapojifunza nani ni jamaa yake. Akilala na mbuzi wakati huo, mbuzi watakuwa ndugu zake mpaka anakufa. Akilala na watoto wako, atawalinda watoto wako na kuwaacha mbuzi. Mtengenezee kona ndogo ndani ya zizi kwa fito, yenye tundu ambalo yeye anapita lakini mbuzi mkubwa hapiti, ili akichokozwa kwa pembe apate mahali pa kukimbilia. Muweke pamoja na vitoto vya mbuzi na majike wapole. Mlishe pale pale. Chakula chake kikitoka zizini, atajua kwamba riziki yake iko zizini.

Watoto nao wasikilize hapa. Kumpenda mbwa si vibaya, ila kumfundisha kukimbiza mbuzi ni kumharibu. Mbwa mdogo akianza kuuma masikio ya mbuzi au kuwafukuza kwa mchezo, mkemee hapo hapo kwa sauti nzito na umwondoe kidogo. Usimpige jioni kwa kosa la asubuhi; hawezi kuelewa. Kati ya mwezi wa 5 na mwaka mmoja mchezo huwa mwingi, kwa hiyo asiachwe peke yake na vitoto vya mbuzi kutwa nzima. Mfugaji mwenye haraka hukata tamaa wakati huu. Vumilia. Mbwa huyu hupata akili ya kazi akikaribia mwaka mmoja na nusu, au hata miwili. Na vijana wachungaji wasimtumie kuwinda swala na sungura. Kwanza ni kuvunja sheria, pili mbwa aliyezoea kufukuza wanyama porini atayaacha makundi yako wakati unapomhitaji.

Sasa nafika mahali ambapo wafugaji wengi hukosea kwa upande wa pili. Wanasikia kwamba mbwa akae na mbuzi, basi hawamgusi kabisa. Anakua kama mnyama wa porini. Hakuna anayeweza kumshika, naye mwenyewe hujisifu: "Mbwa wangu hashikiki!" Ndugu yangu, hilo si jambo la kujisifia. Kila siku, hukohuko zizini, mshike mbwa wako. Mguse masikio, mfungue kinywa, mwinue miguu, mvike kamba shingoni na umtembeze hatua chache. Dakika chache tu zinatosha. Nitakueleza kwa nini.

Miaka michache iliyopita tulikwenda kuchanja mbwa katika kijiji kimoja nilichokuwa nakihudumia. Mzee mmoja alikuwa na mbwa hodari. Kila mtu alimsifu kwamba tangu awepo, fisi hawajavuka boma. Asubuhi ile wanawe walijaribu kumkamata wakashindwa. Wakamfukuza mpaka mtoni, akatoweka. Yule mzee akasema, "Basi, Bwana Mifugo, huyu tutamchanja mwaka ujao." Nami nilikuwa nimechoka, kijiji kingine kilikuwa kinanisubiri. Nikafunga sanduku langu la barafu, nikapanda pikipiki, nikaondoka.

Mbwa yule aliumana usiku na mbwa mgeni aliyekuwa mgonjwa. Baadaye, siku moja, alimparura kwa meno mjukuu wa mzee kwenye kifundo cha mguu. Kidonda kilikuwa kidogo, mfano wa kuchomwa na mwiba. Wakapaka majivu na mafuta ya taa. Mbwa akafa porini, wakadhani amekanyagwa na nyati. Baada ya mwezi na nusu mtoto alianza kuogopa maji. Alipofikishwa hospitali hapakuwa na la kufanya. Nilikwenda msibani, mzee akanishika mkono akasema tu, "Tungemvika kamba." Mimi nilijua kwamba nami ningengoja mpaka jioni, mbwa aliporudi kula.

Kichaa cha mbwa, ndugu msikilizaji, dalili zake zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Na karibu watu wote wanaougua, yaani hadi 99 katika kila 100, hupata ugonjwa huu kutoka kwa mbwa. Lakini huzuilika kabisa. Shika mambo haya kichwani.

Mchanje mbwa wako akifika umri wa miezi mitatu, kisha mrudie kila mwaka. Weka cheti chake pamoja na karatasi zako muhimu. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa mahali fulani, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kwa hiyo chanjo ya mbwa wako inamlinda pia mtoto wa jirani, na ya jirani inamlinda mtoto wako. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mahali pengi siku hizo hutumiwa kuchanja mbwa. Uliza kwa mtendaji wa kijiji au kwa Bwana Mifugo wako. Siku moja kabla ya chanjo, mfunge mbwa kamba tangu jioni.

Mtu akiumwa au akiparurwa na mbwa, hata kama ni mbwa wa nyumbani, oshwe kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Usipake majivu, tumbaku, mavi ya ng'ombe wala mafuta ya taa. Kisha mpeleke kituo cha afya siku ile ile akapate chanjo, na azimalize sindano zote atakazoandikiwa. Mbwa, ikiwa mnaweza kumfunga bila hatari, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Ila mtu asingoje siku hizo kwisha ndipo atibiwe.

Chanjo haiwasaidii watu peke yao. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, uitwao distempa, uliingia Serengeti na kuua karibu theluthi moja ya simba wa mbuga ile. Mbwa wa vijijini ndio waliodhaniwa kuwa chanzo chake. Mbwa anayezurura hupeleka na kuleta.

Tuzungumze sasa juu ya minyoo, kwa sababu hapa mbwa anaweza kuwaua wale wale anaowalinda. Umewahi kumwona kondoo anayezunguka mahali pamoja, kichwa kimeinama upande, halafu anaanguka? Wamasai wanaugonjwa huu jina lake, wanauita ormilo. Wengi hudhani ni uchawi au jua kali. La. Ni mfuko wa maji uliomo ndani ya ubongo, nao unatokana na mayai ya tegu. Tegu mwenyewe anaishi tumboni mwa mbwa. Mbwa anakula kichwa kibichi cha kondoo mgonjwa, tegu anakua tumboni mwake, mbwa anakunya malishoni, kondoo wengine wanakula majani yale. Hivyo mzunguko unaendelea.

Yuko tegu mwingine, mdogo kuliko punje ya mchele, ambaye mifuko yake ya maji huota katika ini na mapafu ya mbuzi, kondoo na ng'ombe, na hata ya binadamu. Mtu anaweza kuvimba tumbo kwa miaka bila kujua sababu. Kwa hiyo unapochinja na kuona malengelenge yenye maji katika ini au mapafu, usimrushie mbwa. Yachome au yafukie shimo la kina ambalo mbwa hafukui. Hata vile vinavyoonekana vizima, kama unataka kumpa mbwa, vichemshe nusu saa kwanza. Kichwa cha mnyama aliyekuwa akizunguka kisipewe mbwa kabisa. Mpe mbwa dawa ya tegu kila baada ya miezi mitatu. Muulize Bwana Mifugo kipimo kwa uzito wake. Na watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kuhusu kupe, usimwogeshe mbwa kwa dawa ya josho la ng'ombe kwa kukisia. Dawa hiyo ikizidi humwua. Uliza kwanza.

Chakula. Mtu ananiambia, "Mbwa akishiba halindi." Haya ni maneno ya bahili. Mbwa mwenye njaa huenda kutafuta, na akienda kutafuta ataiba mayai, ataua kuku wa jirani, atakula mizoga, na zizi litabaki wazi. Mpe chakula kila siku kwa saa moja, jioni wakati mifugo inaporudi. Ugali wa mtama au wa mahindi unafaa, ukichanganywa na dagaa, mchuzi wa nyama au maziwa mgando. Ugali mtupu hautoshi, hasa kwa mbwa mdogo au jike anayenyonyesha. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, hupasuka na kumchoma tumbo. Na maji yawepo daima. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze na asimtese, lakini hata kama isingekuwepo, mfanyakazi hulipwa.

Jambo linalofuata ni ujirani. Waambie majirani wako kwamba una mbwa wa kulinda na mahali anapokaa. Mvike ukanda shingoni ili ajulikane kuwa ana mwenyewe. Kama njia ya watoto wa shule inapita karibu na zizi, mfunge saa za asubuhi na za kurudi, au mpeleke malishoni na kundi mapema. Mgeni akija, mpokee wewe kabla mbwa hajampokea. Dume lisilohitajika kwa uzazi lihasiwe, kwa maana dume lililohasiwa halizururi sana. Kazi hiyo aifanye mtaalamu kwa dawa ya ganzi, si kijana na wembe. Jike huingia joto kama mara mbili kwa mwaka, kwa muda wa wiki tatu hivi; mfungie wakati huo, au mpeleke naye akahasiwe. Watoto wa mbwa wanaotupwa njiani leo ndio kundi litakaloua mbuzi wako kesho.

Ndugu zetu Waislamu wengine huniuliza kwa faragha juu ya jambo hili. Mbwa wa kulinda mifugo na shamba ameruhusiwa katika dini yao, na mpango huu wa mbwa kukaa zizini unawafaa hasa, kwa sababu mbwa ana chombo chake na mahali pake, mbali na vyombo vya nyumbani na mahali pa kusalia.

Mwisho, tujue mbwa anaweza nini na hawezi nini. Mbwa mmoja hawezi kupigana na kundi la fisi. Chui humla mbwa. Kazi yake kubwa ni kusikia, kunusa na kubweka, na adui wengi hugeuka wanapojua kwamba wameonekana. Lakini boma la miiba lililobomoka haliwezi kuzibwa na mbwa, wala mchungaji aliyelala chini ya mti hawezi kubadilishwa na mbwa. Ziba boma lako. Ukiweza, weka mbwa wawili. Na usitege sumu kwa ajili ya fisi; wa kwanza kuila huwa ni mbwa wako mwenyewe. Tena, mbwa akibweka usiku, amka. Ukimtupia kuni, unamfundisha kunyamaza.

Baba yangu alijifunza hivyo. Mwaka uliofuata alileta mtoto mwingine wa mbwa, jike, na bibi ndiye aliyesimamia. Sisi watoto tulikatazwa kumleta jikoni. Tulikwenda zizini kumshika na kumvika kamba, halafu tukamwacha na wenzake. Alikaa nasi miaka tisa. Siwezi kusema hatukupoteza mbuzi tena. Tulipoteza, mwaka wa njaa mmoja. Lakini kila alipobweka, baba alitoka na tochi, hata mvua ikinyesha. Siku alipokufa baba alimchimbia shimo nyuma ya zizi, akalifunika kwa mawe ili fisi wasimfukue.

Basi, ndugu mfugaji, kabla hatujakutana tena nakupa kazi tatu ndogo. Kesho jioni peleka chombo cha chakula cha mbwa zizini. Keshokutwa jaribu kumvika kamba. Ikishindikana, anza kumzoeza taratibu. Halafu waulize watu wa nyumbani mwako, "Mbwa wetu alichanjwa lini?" Kama hakuna anayejua jibu, nenda kwa Bwana Mifugo wiki hii hii, na kama amekwisha funga sanduku lake, mwambie angoje mpaka jioni.